DENI LA NYUMBA LILIPWE KWA AKILI

Wahenga walinena: kukopa harusi, kulipa matanga. Mkulima wa mpunga wa Idodi aliyeweka nyumba yake rehani afanya vema kupunguza deni kabla ya muda, hasa baada ya mavuno. Riba ikihesabiwa juu ya salio, kila shilingi ya ziada huipunguza. Basi na aulize kwanza. Lakini asilipe kwa fedha za mbegu wala za daftari za watoto, akarudi kukopa msimu uanzapo. Sheria ya Ardhi ya 1999 yataka mke na mume wakubaliane nyumba yao iwekwapo rehani. Waliokubaliana kukopa, na wakubaliane kulipa. Kujitegemea tulikokutangaza Arusha mwaka 1967 huanzia nyumbani.