Bei ya rodiamu hatuipangi sisi, mkataba tunaandika sisi

Makamanda, leo tuongee kuhusu masega. Siyo ya nyuki, ni yale ya kwenye egzosi ya gari la petroli, ambayo mafundi wengine wakiyaona macho yanawatoka. Kinachotafutwa mle ndani ni platinamu, paladiamu na mwenzao aliye adimu kuliko wote: rodiamu. Kazi yake kubwa ni kupunguza sumu kwenye moshi wa gari.

Bei yake ni kichaa. Katikati ya 2008 wakia moja ilivuka dola 10,000, na mwaka ulipoisha ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 1,000. Machi 2021 ikakaribia dola 30,000. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya dola 5,000. Mwaka 2025 ikapanda tena.

Kwa nini inaruka hivyo? Karibu asilimia 80 ya inayochimbwa hutoka Afrika Kusini, tena haina mgodi wake: inapatikana humo humo kwenye mawe ya platinamu. Bei ikipaa, huwezi kuongeza rodiamu peke yake. Upande wa wanunuzi, gari la umeme halina egzosi kwa hiyo haliihitaji, ila haibridi bado inaihitaji. Na bei ikizidi, viwanda vinaikimbia, kama wale wa nyuzi za kioo China waliopunguza rodiamu wakaongeza platinamu. Kwa mtazamo wangu itaendelea kuyumba, na magari ya umeme yakizidi kuongezeka yataivuta chini. Anayekutajia bei ya miaka mitano ijayo anakupiga kamba.

Sasa sisi inatuhusu nini? Mei 2017 kamati ya kwanza ya makinikia ilitaja rodiamu na iridiamu kati ya madini yaliyomo kwenye makontena 277 pale bandarini Dar. Baadaye tukaambiwa tunadai dola bilioni 190. Makubaliano yakaja na dola milioni 300, pamoja na hisa asilimia 16. Wananchi walishangilia namba kabla ya kuuona mkataba.

Sisi tunaosoma sheria tunajua dawa ipo kwenye maandishi. Afrika Kusini mrabaha wao unapanda na kushuka kufuatana na faida ya mgodi: kwa madini yaliyosafishwa, kuanzia asilimia 0.5 hadi 5. Sheria yetu ya 2017 imeweka asilimia 6 ya thamani kwa madini ya metali, bei iwe juu mbinguni au chini shimoni. Bei ikilipuka kama 2021, fungu letu linabaki lile lile. Ikianguka, mgodi unalia na ajira zinakatwa kwanza.

Halafu kuna Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika uziduaji ya 2015. Kifungu cha 16 kinamtaka waziri aiweke mikataba hadharani. Hiyo siyo hisani, ni sheria ya nchi.

Kesho ni nikeli ya Kabanga, keshokutwa grafiti ya Mahenge. Bei itapangwa huko huko duniani, hatuna ubavu nayo. Kwa hiyo mgombea akija kijiweni kwenu na hesabu za matrilioni ya madini, usimuulize bei. Muulize mkataba uko wapi, na bei ikishuka nani anaumia.