Safari hupunguza rakaa, haipunguzi mipaka

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu wa familia, wapo waliotuuliza tulikopotelea majuma haya mawili. Tulikuwa Vietnam, katika Jiji la Ho Chi Minh, ambalo wenyeji wake wengi hadi leo huliita Saigon. Wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi wanaijua nchi ile, kwani korosho zetu ghafi husafirishwa kwa wingi kwenda kubanguliwa huko. Nasi tulikwenda kwa shughuli hiyo hiyo, tukaona ni kheri tufuatane na mama watoto na vijana wetu wawili, ili nao wapate kuiona ardhi pana ya Mwenyezi Mungu.

Jiji hilo ni kubwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu karibu milioni 9. Kinachomshangaza mgeni kwanza ni pikipiki, zinazopita kama maji ya mto uliofurika. Mwenyeji wetu alitufundisha namna ya kuvuka barabara: ingia polepole, usikimbie, usisimame ghafla, wala usirudi nyuma. Ukienda kwa mwendo mmoja, waendeshaji watakukwepa wenyewe. Tulivuka tukisoma kila dua tuliyoijua.

Hata hivyo, mtihani wetu haukuwa barabarani. Ulikuwa mezani.

Siku ya pili, baada ya Adhuhuri, tulikuwa tumetembea sana na hatujala tangu asubuhi. Tukaketi kwa mama lishe mmoja kando ya njia, kwenye vile viti vyao vifupi vya plastiki. Alikuwa akiuza pho, supu ya tambi za mchele ambayo Wavietnam huila asubuhi, mchana na usiku. Tuliuliza kwa ishara kama ni ng'ombe, akaitikia kwa kichwa. Basi tukaagiza bakuli nne. Zilipofika, zikitoa harufu ya mdalasini na karafuu, kijana wetu mdogo, mwenye miaka 11, hakugusa kijiko. Akauliza, "Baba, huyu ng'ombe amechinjwa na nani?"

Tunakiri mbele yenu kwamba tulikasirika. Tulimjibu kuwa tuko ugenini, si nguruwe, na asiulize sana. Akanyamaza, lakini hakula. Ni mtoto huyo huyo ambaye nyumbani tumemfundisha asinunue mishikaki pasipo kumjua mchinjaji. Tulipomtazama usoni, hatukuona ukaidi. Tuliona mtoto anayesubiri kujua kama maneno ya baba yake yana mipaka ya nchi.

Mama watoto ndiye aliyetuokoa. Alichukua simu, akaandika kwa programu ya tafsiri kwamba sisi ni Waislamu, hatuli nguruwe, na nyama nyingine hatuli mpaka tujue imechinjwa kwa sheria yetu. Yule mama lishe alisoma, akatazama sufuria yake, kisha akaziondoa bakuli zote nne mwenyewe. Tulimpa fedha, akakataa. Akatuonyesha kwa kidole mgahawa wa ng'ambo uliokuwa na kibao cha neno moja: "chay", linalotamkwa karibu na "chai" yetu, na maana yake ni chakula kisicho na nyama. Mabudha wengi wa huko hula hivyo kila tarehe mosi na tarehe 15 ya mwezi mwandamo, hivyo migahawa ya aina hiyo haikosekani. Tulikula wali, mboga na uyoga, na kila tonge lilitukumbusha kuwa mwanamke asiye wa dini yetu ameiheshimu haraka kuliko tulivyoiheshimu sisi.

Kwa Swala ya Alasiri tulikwenda msikiti wa mtaa wa Dong Du, katikati ya jiji. Ulijengwa mwaka 1935 na Waislamu waliotoka India, na leo umezungukwa na majengo marefu ya hoteli. Aliyezoea kuelekea kaskazini kama tufanyavyo Dar es Salaam na aangalie, kwani Kibla huko ni magharibi, kikielemea kaskazini kidogo. Tulikutana humo na ndugu wa kabila la Cham, watu ambao mababu zao walikuwa na dola yao, Champa, katika pwani ya kati ya nchi ile. Lugha hatukuelewana, lakini salamu ilitosha. Wengi wa Wacham wa kusini ni Sunni wa madhehebu ya Shafii, kama sisi wa mwambao, na tulijipanga safuni kana kwamba tuko Kariakoo. Jirani na msikiti ipo migahawa ya halali, na mingine iko mtaa wa Nguyen An Ninh, kando ya soko la Ben Thanh. Yote hiyo tungeijua kabla ya kuondoka nyumbani, lau tungeitafuta kwa bidii tuliyoitumia kutafuta nauli nafuu.

Wazazi wenzetu, Mwenyezi Mungu amemhurumia msafiri kwa kumpunguzia rakaa na kumruhusu kukusanya Swala. Dharura nayo ina hukumu yake, kwa aliyefikwa na hatari ya kweli. Njaa ya saa moja, katika jiji lenye samaki na matunda kila kona, si dharura. Anayesafiri na familia na atayarishe mapema: ajue misikiti iliko, abebe tende, na aandike ombi lake la chakula kwa lugha ya wenyeji. Wala asione haya kuuliza, kwani sisi tulioona haya ndio tulioaibika.

Usiku ule tulimwita kijana wetu, tukamwambia kwamba alikuwa sahihi na sisi tulikosea. Hakujigamba. Aliuliza tu, "Kwa hiyo kesho niulize tena?" Tukamjibu kwamba kesho tutauliza sisi kwanza.

Wabillahi tawfiq.