Haki ya Kujaribu Angani

Tangu Agosti 1975 hadi Julai 1976, setilaiti ya Kimarekani iitwayo ATS-6 ilikaa juu ya ikweta kwenye longitudo 35 mashariki, yaani juu ya ardhi ya Kenya, karibu na Ziwa Viktoria, ikipeleka vipindi vya kilimo, afya na masomo katika vijiji vipatavyo 2,400 vya India. Vipindi hivyo vilikwenda huko, si kwetu, kwa kuwa India ndiyo iliyofunga mkataba na NASA tangu 1969 na kuwatayarisha mafundi wake wa kuhudumia mitambo ya ardhini. Silitaji hili kwa husuda, bali kwa ajili ya yaliyofuata.

Tarehe 19 Juni 1981 Wahindi walirusha kutoka kituo cha roketi cha Kourou setilaiti yao ya mawasiliano ya majaribio, APPLE, yenye uzani wa kilo 670, ndani ya roketi ya Ariane ambayo nayo ilikuwa bado ikijaribiwa. Kabla ya kurushwa, ilipotakiwa kupimwa antena zake uwanjani, waliipakia juu ya gari la mbao la kukokotwa na ng'ombe, maana gari la chuma lingevuruga vipimo. Ilipofika angani, bawa moja kati ya mawili ya kupokea nishati ya jua likakataa kufunguka. Umeme ukapungua, joto ndani yake likavurugika, na wahandisi, badala ya kukata tamaa, wakaitumia kwa zaidi ya miaka miwili. Chumba cha utupu kilichoko ardhini huiga joto, baridi na ukosefu wa hewa, lakini hakiwezi kuuondoa uzani. Ndiyo maana bawa, na gurudumu lizungukalo kwa kasi ili uso wa chombo usigeuke kutoka duniani, havipati hukumu ya haki ila huko huko juu. Kwa ujuzi huo, mwaka 1992 India ikarusha setilaiti ya INSAT-2A, iliyoundwa nyumbani.

Nchi zetu, kwa maoni yangu, zinakimbilia kununua kilichokamilika. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Nairobi kilithubutu kujaribu, kwa ushirikiano na Waitaliano, kikatoa kijisetilaiti cha sentimita 10 kila upande, 1KUNS-PF, kilichoachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga mwezi Mei 2018. Waheshimiwa wabunge wa Afrika Mashariki na watenge, katika kila bajeti, fedha za chombo kingine cha namna hiyo, hata kama hakitauza dakika moja ya simu, na kikiharibika, watenge tena.