Risasi Peke Yake Si Ngao

Msomaji, Eldoret kuna kiwanda cha risasi, kilichojengwa katika miaka ya 1990 kwa msaada wa mafundi wa Ubelgiji. Wako wasemao kwamba hicho chatosha kuilinda Kenya. Nguo, viatu na dawa na zinunuliwe ng'ambo ziliko rahisi. Maneno hayo ni matamu kwa mlipa kodi, lakini mimi siyakubali.

Askari hapigani kwa risasi peke yake. Huvaa, hula, na huugua. Katika mji huo huo kilianzishwa kiwanda cha nguo cha Rivatex katikati ya miaka ya 1970. Pamba iliingia mlango mmoja, vitambaa vikatoka mlango wa pili. Masoko yalipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba na nguo za nje zilifurika, na kabla karne haijaisha kiwanda kikafilisika. Watu walilia ajira. Ni wachache waliolilia ulinzi. Nao ulipungua, maana fundi aliyeachishwa kazi hawekwi ghalani kama gunia la mahindi angoje vita. Huzeeka, na ujuzi wake huzeeka naye.

Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho mwaka 2007, na baadaye mitambo mipya ikaletwa kwa mkopo wa India. Mwaka 2020, korona ilipofunga njia za dunia na mataifa tajiri yakagombania barakoa, Rivatex ilitengeneza barakoa. Je, maradhi hayo yangalitufikia mwaka 2005, tungalimwomba nani?

Tazama pia waliowahi kukatiwa njia ya bahari karibu na kwetu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, manowari za Waingereza ziliwazuilia Wajerumani pwani ya Tanganyika. Huko Amani, Usambara, wataalamu walitengeneza kwinini, na nguo zikafumwa humo nchini. Hivyo jeshi likaishi. Lakini bunduki na risasi hawakuweza kuzitengeneza. Novemba 1917 walivuka Ruvuma, wakaiteka ngome ya Wareno ya Ngomano wapate silaha na chakula. Adui ndiye aliyekuwa ghala lao! (Sivisifu vita vile; wapagazi wetu walikufa kwa maelfu mengi.)

Utaniambia kwamba hata risasi huhitaji shaba, na shaba huchimbwa Katanga na Zambia. Ni kweli, hakuna taifa lijitoshelezalo kwa yote. Walakini mwenye mitambo na mafundi, akinyimwa shaba na huyu, huitafuta kwa yule. Anunuaye kitu kilichokwisha tengenezwa hungoja hisani ya muuzaji, na muuzaji naye ana vita vyake na rafiki zake.

Basi sare ya askari inapoagizwa ng'ambo kwa sababu imepungua shilingi chache, katika hesabu hiyo na atiwe pia yule fundi wa Eldoret aliyefunga cherehani akarudi shambani.