Nani aliidhinisha bunduki za 1891?

Kumtuma mtu vitani mwaka 2022 akiwa na bunduki iliyoingia jeshini mwaka 1891 ni uamuzi, na kila uamuzi una mwenyewe. Picha za makuruta wa Donetsk na Luhansk, mashariki mwa Ukraine, mabegani mwao zikining'inia bunduki hizo za Mosin zenye vitako vya mbao, zilisambaa duniani kote. Hakuna jenerali wala waziri aliyefikishwa mbele ya sheria kwa ajili ya uamuzi huo. Watu walizitazama picha hizo kama kioja, wakazisahau. Zilipaswa kutunzwa kama ushahidi.

Mambo yenyewe yanajulikana. Tarehe 19 Februari 2022, siku tano kabla ya Urusi kuivamia Ukraine, vibaraka wa Moscow huko Donetsk na Luhansk, Denis Pushilin na Leonid Pasechnik, walitangaza kwamba wanaume wenye umri wa kupigana waingie jeshini. Waliokusanywa ni wachimba makaa ya mawe, walimu, wanafunzi wa vyuo, hata wanamuziki. Wengine walikamatwa barabarani. Walipelekwa mstari wa mbele baada ya mafunzo ya siku chache au bila mafunzo yoyote, na baadhi yao walifikishwa hadi Mariupol.

Mosin hubeba risasi tano. Kila baada ya kufyatua, askari lazima ainue komeo, alivute nyuma, alisukume mbele na kulilaza tena, ndipo apate risasi ya pili. Adui anayemkabili ana magazini ya risasi 30 na hana haja ya kuondoa kidole kwenye kifyatulio. Bunduki hiyo ilipigana na Wajapani mwaka 1904, na viwanda vya Kisovieti viliacha kuiunda katika miaka ya 1940. Aliyewakabidhi makuruta wale bunduki hizo alikuwa anajua yote haya.

Wala hakuna wa kusingizia ukata. Machi ya mwaka huohuo jeshi la Urusi lilijigamba kwamba limerusha Ukraine kombora la Kinzhal, lenye kasi inayoipita ya sauti mara kadhaa. Dola inayoweza kuunda kombora la namna hiyo haikosi bunduki ya AK ya kumpa kuruta. Vikosi vya kawaida vya Urusi vilikwenda vitani na bunduki za kisasa. Watu wa Donbas, yaani Donetsk na Luhansk, ndio waliopewa masalio, kwa sababu machoni pa waliowatuma walikuwa watu wa kujaza mahandaki.

Miezi saba baadaye maradhi hayo yalifika Urusi kwenyewe. Septemba, Rais Vladimir Putin alipoita watu 300,000 wa akiba, baadhi walikabidhiwa AK zilizoshika kutu, wakazirekodi kwa simu zao. Mbunge Andrei Gurulyov, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali, alihoji hadharani zilikokwenda seti milioni 1.5 za sare zilizopaswa kuwa ghalani. Lilikuwa swali la haki lililochelewa. Mahali pake ni bungeni wakati wa amani, kabla misiba haijaanza kubisha hodi majumbani.

Watetezi wa hali hii husema silaha kuukuu bado inaua, na mfano wao ni bunduki ya rashasha ya Maxim. Ni kweli askari wa Ukraine wamezitoa ghalani Maxim za muundo wa 1910 na kuzielekeza kwa Warusi. Bunduki hiyo ya rashasha hupozwa kwa maji yanayojazwa kwenye bomba linalozunguka mtutu, na baadhi yake zina mdomo mpana uliowekwa makusudi ili maji yakikosekana itiwe theluji. Ikikaa mahali pamoja ndani ya handaki hufyatua kwa muda mrefu bila mtutu kuharibika, na risasi yake, ileile ya Mosin, inaendelea kutengenezwa viwandani. Lakini askari anayeketi nyuma ya Maxim amepewa kazi inayoiweza, yaani kulinda ngome isiyosogea, huku wenzake wa kushoto na kulia wakiwa na silaha za kisasa. Kuruta wa Donetsk hakupewa kazi inayolingana na bunduki yake, wala hakuulizwa. Umri wa silaha peke yake hauwi kosa. Kosa ni kumpa mtu silaha isiyoiweza kazi anayotumwa, kwa imani kwamba akifa hakuna atakayedai maelezo.

Afrika Mashariki imeyaona haya kutoka pande zote mbili. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliolishambulia boma la Mahenge kwa mikuki na magobori walifyekwa na bunduki za rashasha za Wajerumani. Miaka tisa baadaye ikawa zamu ya askari Waafrika wa Wajerumani haohao. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za jeshi la koloni zilikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, za risasi moja moja na za baruti ya moshi. Askari alipofyatua, wingu jeupe lilitanda mbele ya uso wake na kumwonyesha adui pa kulenga. Berlin ilikuwa na bunduki za 1898 kwa majeshi yake ya Ulaya. Askari wa Tabora na Mahenge waliachiwa zile zilizokwishapitwa. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, waliokota mamia ya bunduki za kisasa, bunduki za rashasha 16 na risasi zipatazo 600,000 zilizoachwa na jeshi lililotoka India chini ya Uingereza. Walichonyimwa na serikali iliyowatuma walikipata kwa adui.

Tabia hiyo haikuondoka na wakoloni. Kwa miaka mingi polisi wa akiba wa Kenya, NPR, wamelinda vijiji vya Turkana, Samburu na Baringo bila mshahara, wengine wakiwa na bunduki za Mark 4 za enzi ya Mwingereza au G3 nzito, huku wezi wa mifugo wakija na AK-47. Serikali inayomwomba raia asimame mbele ya risasi kwa niaba yake haina ruhusa ya kumpa kilichobaki stoo.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi wanachama zitie alama silaha zao, zitunze kumbukumbu na ziharibu za ziada. Kenya iliteketeza bunduki 5,250 mwaka 2016 na 5,144 mwaka 2021 huko Ngong, nyingi zikiwa zilizokamatwa au kusalimishwa. Ni hatua njema, lakini haitoshi ikiwa ghala za serikali zenyewe hazikaguliwi kwa ukali huohuo. Bunduki isiyoharibiwa haistaafu. Mwaka 2012 waasi wa Syria walionyesha StG 44, silaha za jeshi la Hitler, walizozikuta ghalani zikiwa bado katika hali ya kutumika.

Wizara za ulinzi na za usalama wa ndani katika ukanda huu ziandae orodha ya kila aina ya bunduki iliyo mikononi mwa askari, mgambo na polisi wa akiba, ikionyesha mwaka wa muundo, hali yake na jina la ofisa aliyeidhinisha itumike. Zilizopitwa zivunjwe mbele ya mashahidi, zisiuzwe wala kugawiwa vikundi vya wapiganaji nje ya mipaka. Sheria za majeshi zitamke kwamba kamanda anayempeleka mtu kwenye mapigano na silaha anayoijua kuwa haifai atashtakiwa yeye binafsi, na kwamba amri kutoka juu haitakuwa kinga. Siri za ulinzi zisitumike kama kisingizio, maana kamati za bunge zina utaratibu wa kukaa faragha. Kamati hizo ziitishe orodha kabla ya bajeti za Juni kusomwa, na wizara itakayoshindwa kuileta inyimwe fungu la ununuzi wa silaha mpya hadi itakapoileta.