Haki ya Ubao Katika Mlango wa Kabati

Katika mambo yanisikitishayo niingiapo majikoni mwa watu, hakuna linichomalo kama mlango wa kabati wa mninga safi, uliopigwa randa hata ukang'aa, ukapakwa vanishi kwa uangalifu wote, kisha ukapasuka katikati kabla ya kutimiza mwaka. Kwani aghalabu mwenye nyumba humlaumu muuza mbao, na muuza mbao humlaumu seremala kwa haraka yake, ilhali taksiri yenyewe imo katika gundi iliyotiwa pahala isipostahili kutiwa.

Nayasema haya kwa kuwa yamenifika. Mlango wangu wa kwanza niliutengeneza Tanga wakati wa masika, nikaipaka paneli, yaani ubao wa katikati ya fremu, gundi pande zote nne nikidhani kwamba huko ndiko kuiimarisha. Ulipoingia kaskazi, na joto la jiko likajumlika na joto la nchi, usiku mmoja nikasikia mlio kama wa ukuni uvunjwao gotini, na asubuhi nikaukuta ufa umeteremka toka juu hadi chini, ukipokea ukucha wa kidole gumba bila taabu. Ubao, hata ukiwa umekaushwa vyema, haukomi kunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kila unywapo hutanuka kwa mapana, wala si kwa urefu wa nyuzi zake, ambako mabadiliko ni haba mno. Basi paneli iliyofungwa kwa gundi kila upande, itakapo kusinyaa isipate njia, haina budi kupasuka.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba atakaye kujitengenezea milango ya makabati, kabla hajatekwa na nakshi za biti za ruta zilizopangwa dukani, aulize kwanza ni biti ipi itakayompa mfuo safi wa kuishika paneli bila gundi, na ulimi unaolingana nao. Za lazima katika mashine ya ruta ni mbili tu, ziuzwazo kwa jozi: moja huchimba mfuo na kuuremba ukingo wa fremu, na ya pili huchonga vichwa vya mbao za kulala ili viingie barabara katika mbao za kusimama. Jozi moja yenye makali ya kabaidi na shina la nusu inchi, ijapokuwa ghali, ni bora kuliko sanduku zima la biti za shina jembamba, maana mninga na mkongo ni miti migumu, na biti dhaifu hutetemeka, ikaunguza ubao na kuacha mawimbi ambayo msasa hauyamalizi.

Ama ile biti pana ya kuinulia paneli, yenye kipenyo cha milimita 80 na zaidi, uzuri wake haukanushiki, wala hatari yake: sharti ruta ifungwe imara chini ya meza, mwendo wake upunguzwe hadi mizunguko 10,000 au 12,000 kwa dakika, na ubao upitishwe mara kadhaa, ukiliwa kidogo kidogo, kuanzia vichwani na kumalizia pande za urefu, ili kibanzi kichomokacho pembeni kifutwe na mpito wa mwisho. Ruta isiyopunguzika mwendo isifungwe biti hiyo kabisa. Asiyeweza kuitumia biti hiyo atumie paneli bapa, na mlango wake utakuwa mlango kamili wenye murua.

Hesabu yenyewe si ngumu. Katika mlango wa upana wa milimita 400, wenye mbao za kusimama za milimita 55 kila moja na mifuo ya kina cha milimita 10, hubaki katikati milimita 290. Mbao za kulala hukatwa 310, kwa sababu ya ndimi zake mbili, walakini paneli ya mbao hukatwa 304, ili ndani ya kila mfuo pabaki milimita 3 tupu. Nafasi hiyo ndiyo haki ya ubao, na gundi iishie kwenye maungio ya fremu. Paneli nayo ipakwe vanishi kabla ya kuungwa, la sivyo siku itakaposinyaa utatokeza mstari mweupe ukingoni. Na hata asiyeshika randa maishani mwake, aagizaye makabati kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa kama paneli zake zimeachiwa nafasi.

Kwa kuchelea paneli isigongegonge, mimi hukata vipande vidogo vya raba ya kandambili kuukuu nikavitia mfuoni. Mlango wangu wa pili umefungwa hivyo. Wakati wa kaskazi nikiisukuma paneli kwa kiganja huihisi ikisogea kidogo ndani ya fremu, na mvua za masika zikishika hutulia, isisogee tena.