Duka la Mangi Kwanza, Supamaketi Baadaye

Leo naomba tubishane kidogo.

Kuna mjadala hauishi kwenye magrupu yetu: manunuzi ya nyumbani na ya biashara tufanye duka la mtaani au supamaketi? Wengi wanaufunga haraka. Supamaketi bei nafuu, pasafi, kila kitu kimebandikwa bei. Kwa Mangi ghali, tena anakupimia kwa macho.

Mimi nauza mashuka na mapazia mtandaoni na nina maoni tofauti. Kwa mtu mwenye biashara ndogo kama yangu na yako, duka la mtaani ndilo liwe la kwanza: kwa kununua, kwa kujifunza, na kwa kuuzia. Siyo kwa kumwonea mtu huruma. Ni hesabu tu.

(Kwa mlio nje ya Dar: Mangi ndiye mwenye duka la mtaani. Mangi ni cheo cha chifu wa Kichaga, na kwa kuwa wenye maduka wengi walitoka Kilimanjaro, jina likawakaa. Siku hizi hata Mpemba mwenye duka anaitwa Mangi na anaitika.)

BEI: TUSEME UKWELI WOTE

Ni kweli, kwa kupima kidogo kidogo unalipa zaidi. Tuseme sukari kilo ni 3,000 na robo ni 800. Robo nne ni 3,200. Mia mbili imekwenda. Anayekwambia Mangi ni nafuu siku zote anakudanganya.

Lakini hesabu ya mfanyabiashara haiishii kwenye bei ya kilo. Una elfu kumi mkononi. Ukinunua robo, 9,200 inabaki: inalipa boda apeleke mzigo, inanunua bando, inaongezea mtaji. Ukinunua pakiti kubwa ya kila kitu kwa sababu "huko ni nafuu", mtaji wako umehamia kabatini. Sukari kabatini haizai.

Halafu weka nauli ya kwenda na kurudi. Weka na muda, maana saa mbili nje ya simu ni wateja ambao hawajajibiwa. Weka na vile vitu ambavyo hukuvipanga. Supamaketi haikupangwa kwa bahati mbaya: mkate na maziwa mara nyingi viko ndani kabisa ili upite kwenye rafu zote, na pipi ziko pale pa kulipia, usawa wa macho ya mtoto. Ulifuata maziwa, umetoka na mfuko mzima.

Kanuni yangu ni hii: unachotumia kwa hakika kila mwezi, nunua kwa jumla, Kariakoo au popote penye bei nzuri. Unachotumia kwa kubahatisha, nunua kidogo kwa Mangi. Supamaketi iwe ya kile ambacho hakipo kwingine.

PESA YAKO INARUDI AU HAIRUDI?

Mifuko ya kufungia mizigo nanunua duka la stationari la jirani. Selotepu, kalamu, vocha, vyote mtaani. Fundi anayenipindia mapazia ni wa mtaani. Na nikiangalia daftari langu la wateja, watu hao hao wamo. Mwenye stationari alinunua shuka. Fundi ananiletea wateja wake. Mama ntilie alitaka pazia la kuzuia vumbi.

Sasa niambie, ni supamaketi gani itanunua pazia kwako? Mhudumu wa pale hakujui. Hata ukienda kila siku kwa mwaka mzima, hatamwambia mtu, "Mashuka? Kuna dada hapa jirani anauza, ngoja nikupe namba yake." Mangi anasema. Tena anasema bure, kwa sababu anajua ukipata na wewe utarudi kununua kwake.

NDOTO YA "BIDHAA YANGU IINGIE SUPAMAKETI"

Hapa ndipo nataka tusikilizane vizuri, hasa nyie mnaotengeneza: sabuni, pilipili ya kusaga, siagi ya karanga, unga wa lishe, mtindi. Wengi mnaamini siku bidhaa ikikaa kwenye rafu ya supamaketi mmetoboa. Inaweza kuwa kweli. Lakini jua unaingia kwenye nini.

Supamaketi nyingi hazikulipi siku unapopeleka mzigo. Unapeleka leo, unalipwa baada ya mwezi, miwili, mingine mitatu. Maana yake wewe mwenye mtaji wa laki tano ndiye unayemkopesha mwenye jengo la ghorofa. Ni mali kauli, ila iliyovaa suti.

Na jengo kubwa siyo dhamana. Tuangalie yaliyotokea hapa kwetu. Shoprite ya Afrika Kusini ilitoka Tanzania mwaka 2014 na maduka yake yakachukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Mwaka 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda. Haikupita miaka mingi, Nakumatt yenyewe ikaanguka. Januari 2020 wanaoidai walipiga kura ifilisiwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Baadaye Tuskys nayo ikafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2022 Game ikatangaza kuondoka Afrika Mashariki, pamoja na duka lake la Mlimani City.

Unadhani kwenye orodha ya wanaodai walikuwa akina nani? Walikuwemo waliopeleka bidhaa: mboga, maziwa, mikate, sabuni. Benki ina dhamana ya kushika. Aliyepeleka katoni za sabuni ana nakala ya delivari tu.

Hata supamaketi ambayo haijafilisika inaweza kukukamua. Kenya kuna kesi inafaa kila mzalishaji mdogo aijue. Kampuni ya Orchards, inayotengeneza mtindi, iliishitaki kwa mamlaka ya ushindani kampuni inayoendesha Carrefour nchini humo. Malalamiko yalihusu makato, mzigo wa bure kila tawi jipya linapofunguliwa, na kutakiwa kupeleka wafanyakazi wake mwenyewe wakahudumu dukani. Mwaka 2020 mamlaka ikaipa Orchards haki, na mwaka 2021 baraza la rufaa likakubaliana nayo. Orchards ilishinda, lakini ujiulize: wewe na mtaji wako ungeweza kuvumilia kesi kwa muda huo?

Sisemi usiingie supamaketi. Nasema usiingie na mtaji wako wote. Ukiingia, soma mkataba mpaka mwisho. Uliza siku za malipo. Uliza nani anabeba hasara ya mzigo uliorudishwa. Na usipeleke mzigo ambao ukikaa siku 90 bila kulipwa watoto hawataenda shule.

SASA MANGI ANATUFUNDISHA NINI?

Supamaketi zinakuja na kuondoka, Mangi yuko pale pale. Ana siri gani?

Kwanza, anauza kulingana na mfuko wa mteja. Mafuta ya kupima, sabuni ya kipande, sukari robo. Anajua mteja wake anapata pesa kwa siku, hapati kwa mwezi. Wewe unauza marashi chupa ya 45,000 tu, unashangaa watu wanaweka laiki na kupita. Weka na kichupa kidogo cha 5,000. Mimi niliacha kuuza seti ya shuka pekee, nikaanza kuuza na foronya mbili mbili. Aliyeanza na foronya anarudi kwa shuka.

Pili, anataja bei. Ukimuuliza Mangi sukari bei gani, hakuambii "njoo inboksi". Sisi wa mtandaoni ugonjwa huu umetukaa. Mteja anaona pazia zuri, hakuna bei, anapita. Hapo supamaketi na Mangi wako sawa, wewe peke yako ndiye unayeficha. Weka bei.

Tatu, anamjua mteja wake. "Mama Junior, leo unga hujachukua?" Anajua nani anatumia majani ya aina gani. Wewe una namba za wateja mia tatu kwenye simu na hujui nani alinunua nini. Fungua daftari: jina, alichonunua, saizi, mtaa anaokaa. Shuka za futi tano kwa sita zikifika, unajua wa kumtumia picha, badala ya kuwasumbua wote.

Nne, hamwachi mteja aondoke mikono mitupu. "Hiyo imekwisha, ila hii ipo, na ile inaingia Alhamisi." Linganisha na sisi. Mteja anauliza rangi ya kijivu, tunajibu "imeisha", basi. Mazungumzo yamekufa.

Tano, mkopo ana kanuni zake. Anakopesha anayemjua, kwa kiasi anachokijua, na anaandika. Asiyemjua anaonyeshwa kibao ukutani. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mtandaoni mtu hujawahi kumwona sura anakwambia "tuma, nikipokea nitalipa", na wewe unatuma. Mangi hawezi kufanya hivyo hata akiwa usingizini.

UZA KUPITIA KWAKE

Hili ndilo wengi hawajalifikiria. Duka la mtaani linaweza kuwa kituo chako cha kuchukulia mizigo. Mteja wako yuko mtaa mwingine, mchana yuko kazini, boda anafika hamkuti, anarudi, gharama mara mbili. Zungumza na mwenye duka wa mtaa huo. Mzigo unafikia kwake, mteja anapitia jioni akitoka kazini. Mangi anafungua mapema na kufunga usiku, tayari ana lipa namba, na anajulikana na mtaa mzima. Mpe chake kidogo kwa kila mzigo. Naye anafaidika zaidi, maana aliyefuata mzigo ataondoka na mkate.

Kama unatengeneza bidhaa, anza na maduka matano ya mtaani kabla ya supamaketi moja. Ila fanya kibiashara:

– Hesabuni mzigo pamoja, andikeni idadi na bei, kila mtu abaki na karatasi yake.
– Mkubaliane siku ya kulipana, kila wiki ni nzuri. Usisubiri mwezi.
– Anza na mzigo mdogo. Duka moja likikwama, hukwami wewe.
– Pita mwenyewe uangalie ilipowekwa. Sabuni ikiwa nyuma ya ndoo haiuziki.
– Muulize wateja wanasemaje. Supamaketi hutapata jibu hilo. Mangi atakwambia bila kupepesa: "Harufu nzuri, ila inaisha haraka."

Huo ni utafiti wa soko, na umelipia kwa salamu tu.

MANGI SIYO MALAIKA

Nisije nikaonekana nimehongwa soda. Kuna Mangi ambaye mizani yake ina mambo. Kuna anayeweka unga jirani na mafuta ya taa. Kuna asiyeangalia tarehe za mwisho wa matumizi. Hapo supamaketi inamzidi, na tuseme wazi: bei iliyobandikwa, tarehe inayosomeka, risiti mkononi, na mteja kuruhusiwa kugeuza bidhaa aisome bila kununiwa. Kama Mangi wako hana hayo, mwambie. Akikataa, hamia kwa jirani yake. Kumuunga mkono mdogo siyo kukubali kuibiwa.

Na hayo hayo ujiulize wewe. Unataka watu waache supamaketi wanunue kwako kwa sababu wewe ni mjasiriamali mdogo. Je, mzigo ukifika na kasoro unabadilisha, au unambloku mteja? Unatoa risiti, hata ya kuandika kwa mkono? Hatuwezi kuomba kuungwa mkono kwa sababu tu sisi ni wadogo. Mtu ananunua mara moja kwa huruma, mara ya pili ananunua kwa sababu ulimhudumia.

Kwa hiyo fanya jambo moja wiki hii. Chukua daftari, andika kila ulichonunua ndani ya siku saba na ulikonunua. Halafu weka alama kwa kila muuzaji ambaye anaweza kuwa mteja wako, kukuletea mteja, au kukupokelea mzigo. Alama zikiwa chache, tatizo huenda siyo kwamba watu hawakuungi mkono. Pesa yako yote unaipeleka mahali ambapo hakuna anayekujua jina.

Wewe unaonaje? Kama umewahi kupeleka bidhaa yako supamaketi, tuambie hapo chini ulilipwa baada ya siku ngapi. Itamsaidia mwenzako anayejiandaa kupeleka.